Ngwali Nyange na Orodha ya Matawi

Kwa miaka saba Hind Jawad alikuwa ndiye mtu pekee katika Chake Chake nzima ambaye, ukimuuliza anafanya kazi gani, angekujibu kuwa anaandika programu za kompyuta. Walikuwepo watu wa kutengeneza kompyuta, na wa kuuza, na wa kufundisha kuchapa. Wa kuandika alikuwa yeye. Jibu hilo alilizoea, na alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Ofisi ilikuwa Madungu, juu ya duka la vitambaa. Mwenye kampuni ni Bwana Mbarouk, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mpole, mwenye kusahau miwani kila chumba. Kazi yao kubwa ilikuwa daftari la kompyuta la mama wajawazito na watoto wachanga, ambalo vituo vya afya kumi na kimoja vya kisiwa cha Pemba vilikuwa vikilitumia. Halafu akaja Masika Jaribu, binti wa Kiuyu, miaka ishirini na minne, na cheti chake cha chuo ndani ya bahasha ya plastiki. Hind ndiye aliyemsaili, ndiye aliyemkubali, na ndiye aliyemfundisha. Masika akamwita Da Hind tangu siku ya kwanza.

Programu kama ile haiandikwi ikaisha. Kila wiki kuna kituo kinataka hiki na kingine kinalalamikia kile. Kwa hiyo waandishi wa programu hutumia chombo cha kutunza matoleo, kinachokumbuka kila badiliko na nani kalifanya. Ukitaka kujaribu jambo bila ya kuharibu lililopo, unafungua tawi, na tawi lile linakwenda njia yake mpaka uwe tayari kulirudisha kwenye shina. Na ukiwa na matawi matatu mkononi, unaweza kulifungua kila moja katika folda yake, ukatoka hili ukaingia lile. Ilikuwa ni miezi michache tu baada ya uchaguzi, wakati watu wa baraza moja hawaamkiani na wa baraza la pili, na Bwana Mbarouk aliwaomba wapunguze sauti. "Mkikaa hapo dirishani mnapigizana makelele, tawi langu, tawi lako, nani kafuta tawi," alisema, "hao walioko chini dukani watadhani tumeshafungua chama."

Chombo chenyewe kilikuwa cha bure. Kilitunzwa na watu waliotawanyika duniani, na yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuirekebisha na kuwapelekea. Na kasoro moja Hind aliijua kama anavyojua kidonda cha mguu wake. Ukiandika amri ya kuorodhesha matawi, chombo kilikupa majina tu, na nyota mbele ya lile ulilosimama ndani yake. Kuhusu mengine kilinyamaza. Hakikukwambia kuwa tawi hili limefunguliwa kwenye folda ile, na mtu anafanya kazi humo. "Orodha hii kipofu," Hind alikuwa akisema, mwaka baada ya mwaka. "Siku moja nitakaa niitengeneze." Siku hiyo haikufika. Kulikuwa na vituo kumi na kimoja, kulikuwa na watoto watatu nyumbani, na kulikuwa na uchovu.

Mwezi wa Februari Hind aliamua kusafisha mashine kubwa ya ofisi, ambayo ilikuwa imejaa. Akaita orodha ya matawi. Tawi la chanjo lilikuwepo, kimya kama mengine. Pembeni akaona folda imeandikwa "mpya2", jina ambalo mtu hukipa kitu asichokijali, akaifuta. Kumbe Masika alikuwa amelifungua tawi la chanjo ndani ya folda ile, na kazi ya siku nne ilikuwa humo, bado hajaihifadhi.

Masika alipoketi asubuhi akaitafuta, akaikosa, akauliza. Hind alihisi damu imempanda usoni. Alikuwa tayari kwa ugomvi, na alikuwa ameshayapanga maneno: kwa nini hukuhifadhi, kwa nini uliipa jina la ovyo. Lakini Masika aliitazama ile orodha kwenye kioo kwa muda mrefu, akasema, "Si makosa yako, Da Hind. Haikukwambia."

"Nimesema miaka yote. Orodha hii kipofu."

"Basi ingekuwaje ingekuwa inaona?"

Hind akamwambia, huku akicheka kidogo kwa kupata nafuu, kwamba ingetia alama mbele ya kila tawi lililofunguliwa kwengine, na ukitaka zaidi ingekwambia ni folda gani. Alilisema hilo kama mtu anavyosema angependa nyumba ya ghorofa. Kisha akaenda kula chakula cha mchana.

Siku tisa baadaye Masika aliweka kompyuta yake mbele ya Hind. Akaandika amri. Orodha ikatoka: nyota kwenye tawi walilosimama, alama ya kujumlisha na rangi ya buluu kwenye yale yaliyofunguliwa kwengine, na pembeni njia ya folda, mpaka mwisho wake. Alikuwa ameingia ndani ya chombo chenyewe, kwenye maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu asiowajua, akaitafuta sehemu inayochapa orodha, akaibadilisha.

"Nataka kuwapelekea," alisema. "Ila Kiingereza changu cha barua hakinitoshi. Utanisomea?"

Hind aliitazama ile alama ya kujumlisha. Ilikuwa pale pale ambapo yeye angeiweka.

"Nina kazi ya kituo cha Micheweni mpaka Jumatano," alijibu. "Wewe ipeleke tu. Wao wameshazoea Kiingereza cha kila namna."

Masika akaipeleka. Barua yake, ambayo ilikaa wazi kwa dunia nzima kusoma, ilieleza kwa Kiingereza kifupi kifupi kwa nini jambo hili linahitajika. Ilianza hivi: mwenzangu mmoja ofisini alifuta folda kwa sababu orodha haikumwonesha kuwa tawi limefunguliwa humo. Hakumtaja jina. Lakini Hind aliposoma maneno "mwenzangu mmoja" alijiona amesimamishwa uchi mbele ya watu. Ametumikia miaka saba, na siku anayoingia duniani anaingia kama yule mama aliyefuta folda.

Jibu lilikuja siku ya pili. Mtunzaji mkuu wa chombo, bwana mmoja wa nchi za baridi, aliandika kuwa ni jambo jema, amelingoja muda mrefu, na akamkaribisha Masika. Bwana Mbarouk alilichapa jibu hilo kwenye karatasi akalibandika ukutani. Akaagiza halua kutoka Wete. Akawaita majirani wa duka la chini, watu wasiojua chochote kuhusu matawi, akawaambia kuwa binti huyu wa Kiuyu kaandika kitu, na watu wa dunia nzima watakitumia bila ya kujua Kiuyu iko wapi.

"Na aliyemfundisha ni Da Hind," Masika alisema.

"Naam, naam, na Bi Hind," alisema Bwana Mbarouk, na macho yake hayakuondoka kwa Masika.

Hind alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Jioni ile alikwenda Jadida kumwamkia shangazi yake, Bi Shariffa, kama afanyavyo kila mwisho wa wiki. Alimhadithia, akijitahidi ionekane ni habari ya kawaida. Bi Shariffa alikuwa akichambua mchele. "Masika wa nani?" aliuliza. "Jaribu wa Kiuyu? Babu yake si akichuma karafuu kwetu, enzi za marehemu baba?" Akaendelea na mchele wake. Yalikuwa maneno ya kikongwe, na mashamba yale yalikuwa yameshaondoka mikononi mwao kabla Hind hajazaliwa. Hind alijua kuwa ni maneno mabaya. Lakini njia nzima ya kurudi Chake alikuwa akiyarudiarudia moyoni, kwa sababu yalikuwa na utamu, na utamu wenyewe ulimtia haya.

Jumatatu alasiri, watoto wakiwa chuo cha Kurani na mumewe Hamzah hajarudi kutoka kazini, Hind alikaa meza ya kulia chakula akafungua anwani mpya ya barua. Ilimtaka jina. Aliandika la kwanza lililomjia: Ngwali Nyange. Mwanamme, akafikiri, mtu mzima, asiyependa mzaha.

Kisha akaisoma kazi ya Masika mstari kwa mstari, kama polisi anayepekua mzigo. Na kwa vile alikuwa hodari kweli, alipata. Kwanza, rangi peke yake haimfai asiyeona rangi. Pili, folda yenye njia ndefu itavunja mstari na orodha haitasomeka. Tatu, ziko programu nyingine zinazoisoma orodha hii zenyewe, na alama mpya itazichanganya. Nne, na hii ndiyo iliyokuwa nzito: mtu akiifuta folda kwa mkono, orodha itaendelea kudai kuwa tawi limefunguliwa humo, nayo folda haipo tena. Aliyaandika yote kwa Kiingereza safi, baridi, bila ya neno moja la ziada. Alipomaliza kuyatuma chini ya barua ya Masika, adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, na alishangaa. Ilikuwa miaka hajapata jioni ya kazi kama ile. Hakuwa amechoka hata kidogo.

Mtunzaji mkuu akajibu: Bwana Ngwali ana haki katika yote manne. Kazi hii isipokelewe mpaka yajibiwe.

Kesho yake Masika alikuja na kompyuta mkononi, macho mekundu. "Da Hind, huyu mtu anajua. Anajua hasa. Nimesoma mara tano. Mie sijui nimjibu vipi."

Hind alisoma barua yake mwenyewe kwa utulivu, kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Hoja ya nne ngumu," alisema.

"Ndiyo ngumu."

"Pengine waachie wenyewe. Umeshajulikana, inatosha. Tunayo daftari letu hapa linatungoja."

Masika alifunga kompyuta, akarudi mezani kwake, na kwa wiki mbili akawa anakuja na gari ya kwanza na kuondoka na ya mwisho. Hind alimwona akila mkate wa kumimina kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Alimwona amekonda. Kila alipomwona akikunja uso alipata raha ndogo, na kila raha ilipokwisha ilibaki kama ladha ya chuma mdomoni.

Toleo la pili la Masika lilijibu hoja tatu, na lilizijibu vizuri. Ile ya nne alikiri mwenyewe kuwa hakuipatia dawa. Hind, kwa jina la Ngwali, alitafuta kosa jipya akakosa. Basi akaandika yasiyokuwa ya kazi. Aliandika kuwa mwandishi anaonekana hana uzoefu wa chombo hiki, na kwamba mambo kama haya ni bora yaachiwe wanaojua.

Safari hii mtunzaji mkuu hakumpa haki. Aliandika kuwa hapa tunazungumza kazi, hatuzungumzi watu. Akaongeza mstari mmoja: kwa kuwa Bwana Ngwali anaijua vizuri hoja ya nne, je, angekuwa tayari kuiandika yeye?

Hind alifunga kompyuta, akasimama, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Hamzah alikuwa akisoma gazeti ukumbini. Akamuuliza kama ana homa.

"Sina homa. Kwa nini?"

"Uso umekuwa mwekundu kama umeketi jikoni."

Wakati huo Bwana Mbarouk naye alikuwa ameanza msako wake. Masika alikuwa amemwonesha zile barua, na mzee aliposoma jina aliruka kwenye kiti. Ngwali Nyange: hilo jina la kwetu. Huyu si mtu wa Ulaya, huyu ni mtu wa Pemba, na kama si yeye basi baba yake. Akaanza kuuliza. Akapiga simu Mkoani, akapiga Konde, akapiga Unguja kwa wanafunzi wake wa zamani. Akapata Ngwali fundi seremala, na Nyange mwenye ng'ombe, na Ngwali mwingine aliyekwenda Maskati tangu miaka ya tisini. Hakukata tamaa.

"Tukimpata mtu kama huyu," alimwambia Hind siku moja, miwani ikiwa kipajini, "ofisi hii itakuwa kitu kingine. Soma anavyoandika. Hana neno la kupoteza. Mimi ningempa aongoze kazi zote za programu, na wewe ukapumzika kidogo, maana umechoka, mwanangu, nakuona umechoka."

"Aongoze?" alisema Hind.

"Si vibaya. Wewe mwenyewe utajifunza kwake."

Hind alirudi mezani akakaa. Aliyekuwa akisifiwa ni yeye, na aliyekuwa akiondolewa ni yeye. Alimwonea kijicho Ngwali Nyange, mtu aliyemzaa mwenyewe kwenye meza ya kulia chakula, kwa uandishi wake, kwa heshima yake, kwa namna mzee alivyolitamka jina lake. Miaka saba katika chumba hiki hakuna aliyewahi kusema kuwa Hind hana neno la kupoteza.

Basi akaamua kuiandika hoja ya nne. Alijiambia kuwa anataka kumwonesha Masika kazi ya mtu mkubwa inavyokuwa. Labda ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba lile swali lilikuwa limeshamshika, na alikuwa anaamka nalo. Aliifanya kazi hiyo kwenye kompyuta yake ya nyumbani, alasiri tatu mfululizo. Alifungua folda, na ndani yake akaweka mipangilio ili kila atakachohifadhi kitoke kwa jina la Ngwali Nyange, kwani chombo kile huweka jina la mtu kwa kila folda peke yake. Siku ya tatu alihitaji kuijaribu. Na huwezi kujaribu jambo la folda iliyofutwa ukiwa na folda moja tu, kwa hiyo akafungua ya pili, akafuta, akafungua tena, akarekebisha. Ikafanya kazi. Orodha sasa iliyaonesha matawi yaliyopoteza folda zao, na maneno mafupi pembeni: folda haipo. Akaisoma mara ya mwisho, akahifadhi, akaipeleka kwa anwani ya Ngwali. Watoto walikuwa wanaingia mlangoni na juzuu zao mikononi.

Hakuangalia kuwa alikuwa amesimama ndani ya folda ya pili. Ile haikuwa na jina la Ngwali. Ilichukua jina la mwenye mashine.

Alhamisi asubuhi ofisi ilikuwa kimya, umeme umekatika, wote wawili wanatumia betri. Hind alisikia kiti cha Masika kikisogea. Alipoinua macho, Masika alikuwa amekiinamia kioo, kidole kimegusa mstari mmoja. Kisha akageuza kompyuta ili Hind aone kutoka alipo. Barua ilikuwa ya Ngwali Nyange. Juu ya kazi yenyewe, mahali pa jina la mwandishi, palikuwa pameandikwa: Hind Jawad, na anwani yake ya kila siku.

"Hii nini?" aliuliza Masika. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetarajia kuambiwa kuwa yeye ndiye aliyesoma vibaya.

Hind alifungua mdomo. Angeweza kusema kuwa Ngwali alimwomba msaada. Uwongo huo ulimjia wote, umekamilika, na mikono na miguu. Hakuusema.

Masika alikusanya vitu vyake, daftari, chaja, kitambaa cha kujifutia, akavitia mkobani kimoja kimoja. Akashuka ngazi.

Bwana Mbarouk alitoka chumbani kwake. "Mbona Masika kaondoka na mapema hii? Mama yake mgonjwa?"

"Ngwali Nyange ni mimi, Mwalimu," alisema Hind. "Barua zote ni zangu."

Mzee aliketi kwenye kiti cha Masika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo hayupo."

"Hayupo."

"Nilishamtengea meza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Akamtazama Hind. "Sasa wewe, mwenye akili yote hii, ulikuwa ukiiweka wapi miaka saba?"

Swali hilo lilimuuma Hind kuliko matusi.

Jumamosi alipanda gari ya Konde, akateremka, akachukua pikipiki mpaka Kiuyu. Nyumba ya kina Masika ilikuwa ya matofali, haijapigwa lipu, na mbele yake mama yake, Bi Mwanabaraka, alikuwa akianika mwani juu ya makuti. Hakuwa ameambiwa chochote. Alipomjua mgeni ni nani alinawa mikono haraka, akamshika Hind mabegani.

"Ndo weye Da Hind? Mwanangu hana jina jengine. Da Hind kanifunza hiki, Da Hind kanifunza kile. Mie nakuombea kila sala, mwanangu. Karibu ndani, karibu."

Hind aliingia ndani na dua hizo zimemkaa mabegani kama mzigo wa kuni. Masika alikuwa ameketi juu ya mkeka, kompyuta imefungwa mbele yake. Mama akaenda jikoni kutia chai.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Hind.

"Kwa lipi? Yako mengi."

"Kwa yote. Kwa jina la uwongo. Kwa ile barua ya pili. Na kwa siku ile uliyoniletea nikusomee nikakwambia nina kazi ya Micheweni. Sikuwa na kazi ya Micheweni."

Masika alikuwa akichomoa uzi kwenye ukingo wa mkeka. "Zile hoja nne zilikuwa kweli."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo linaloniuma. Ungenambia usoni ningefurahi. Ningekaa na wewe tukaziandika. Mie nilipokuwa simjui Ngwali nilikuwa nikisema moyoni, laiti Da Hind angeona hii, angenitetea."

"Nilikuonea kijicho," alisema Hind. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa kinywa chake kuhusu nafsi yake, na alishangaa lilivyo dogo. "Miaka saba nasema nitaitengeneza. Wewe ukaja, siku tisa."

"Siku tisa kwa sababu ulinambia alama iwekwe wapi. Niliandika hivyo kwenye barua, mwisho kabisa. Kwamba wazo la alama ni la mwenzangu. Hukufika mwisho?"

Hind hakuwa amefika mwisho. Alikomea "mwenzangu mmoja" akaifunga.

Bi Mwanabaraka aliingia na chai na vitumbua, akaketi nao, akaeleza bei ya mwani haina maana mwaka huu, na wote wawili wakamsikiliza kwa adabu. Alipotoka tena, Masika alifungua kompyuta. Alikuwa ameshaandika barua kwa mtunzaji mkuu, bado hajaituma. Ilisema kuwa sehemu ya nne imeandikwa na Hind Jawad wa Chake Chake, na ipokelewe kwa jina lake, pamoja na hoja zote za Ngwali Nyange, ambazo ni zake pia. Haikueleza kwa nini.

"Hii siifanyi kwa ajili yako," alisema. "Kazi umefanya, jina lazima liwe lako. Nisingependa chombo kiseme uwongo." Akaituma mbele yake.

Alipomsindikiza mpaka kwenye pikipiki alimpa mkono. "Haya, Bi Hind," alisema. "Safari njema."

Tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwita vingine ila Da Hind. Hind alilisikia neno lile njia nzima mpaka Chake.

Toleo jipya la chombo lilitoka mwezi wa Juni. Katika orodha ndefu ya watu waliolichangia walikuwemo wote wawili, Masika kwanza, Hind nyuma yake kwa majina mengi, kwani yalipangwa kwa wingi wa kazi. Bwana Mbarouk aliichapa karatasi hiyo nayo akaibandika. Hind aliisoma akiwa peke yake ofisini. Angependa kusema kuwa alifurahi, na alifurahi, lakini jicho lake lilihesabu kwanza ni majina mangapi yaliyowatenga. Yalikuwa thelathini na mawili.

Masika alirudi kazini. Hawakugombana tena, na hawakula pamoja tena mchana. Waliongea kazi, kwa adabu, kila mmoja kutoka mezani kwake. Kabla ya mwaka kwisha wale watu wa mbali walimwomba Masika awe mmoja wa watunzaji wa sehemu ile ya orodha, na kila anayetaka kuigusa, kazi yake ipitie kwake kwanza. Alikubali.

Januari Hind alipata wazo. Orodha ingeweza kueleza pia kama folda ina kazi ambayo haijahifadhiwa, ili mtu asiifute. Hakulisema kwa mtu. Aliliandika kwa wiki tatu, alasiri, watoto wakiwa chuoni, akalipeleka kwa jina lake mwenyewe.

Majibu yalikuja siku ya nne, kutoka meza iliyokuwa hatua sita mbele yake. Masika alikuwa amempa hoja tano, kwa Kiingereza ambacho sasa kilikuwa safi, na hakuweka neno la ziada. Hind alizisoma zote mpaka mwisho. Kile kijicho cha zamani kikanyanyuka kifuani, akakihisi, akakijua. Hoja zote tano zilikuwa kweli. Akasogeza kiti, akaanza na ya kwanza.